Umeskia huyo wa leo?

Nilinunua redio mbili siku moja. Zile ndogo nyekundu za tochi, za kuchaji na sola, moja nikaweka kwa kibanda na ingine nikapelekea mama ushago. Ya kibanda sai imeshika mafuta ya mandazi mpaka namba za stesheni hazionekani lakini haina shida ju haijawahi kutoka 97.5, imekaa hapo miaka. Ya mama iko juu ya kabati ya vyombo karibu na dirisha ya jikoni, najua ju mi ndio niliiweka, tulizunguka nayo nyumba yote tukitafuta mahali inashika bila kukwaruza. Kwa hivyo mtu akiniuliza kwa nini napenda Gidi na Ghost Asubuhi, kile kipindi cha Radio Jambo, siwezi kumjibu na neno moja. Hiki kipindi kimekaa katikati yangu na mama yangu, yeye Butere huko Western, mimi Kawangware hapa Nairobi, na kuna miezi kilikuwa ndio kitu pekee tunafanya pamoja, bila mmoja kuambia mwenzake.

Wacha nianze na kibanda. Niko karibu na steji ya 56, wa Kawangware mnaijua. Moto nawasha saa kumi na nusu, ndazi ya kwanza inatoka kabla ya jua, na wateja wa kwanza ni masoja wa kulinda geti wanatoka kazi ya usiku macho mekundu, halafu makanga na madereva wa trip ya kwanza, halafu vijana wa mjengo, halafu wamama wanaenda kufua nguo Lavington na Kileleshwa. Chai ishirini, ndazi kumi. Hakuna mtu hukaa zaidi ya robo saa na hakuna mtu huongea sana saa hizo, kila mtu ako na hesabu ya siku kichwani, rent, fare, mtoto ametumwa pesa ya mtihani. Saa kumi na mbili kipindi kikianza ndio watu huamka kweli kweli. Ile kicheko ya Ghost. Kama hujawahi kuiskia siwezi kukuelezea vizuri, ni kicheko inatoka mbali huko tumboni na haijali ni saa ngapi, nimeona soja amechoka hadi kikombe kinamtetemeka mkononi akianza tu kucheka ju Ghost amecheka, hajui hata ni nini imesemwa.

Na hao wawili si watu walitokea tu redioni. Gidi ni yule Gidi wa Gidi Gidi Maji Maji. Mwaka 2002 nilikuwa darasa la saba na ile ngoma yao, Unbwogable, ilikuwa kila mahali, neno lenyewe walilitoa kwa Kijaluo wakalivisha Kizungu, maana yake mtu hatishiki. Watu wa NARC, muungano wa upinzani, wakaichukua kwenye kampeni, nchi nzima ikaimba, na ile Disemba KANU ikatoka kwa serikali baada ya kukaa humo tangu uhuru wa 1963. Sisi watoto wa Butere hatukujua Kijaluo hata kidogo lakini hiyo ngoma tuliimba yote, njia yote ya kutoka mtoni na mitungi kichwani. Mama alikuwa anatuambia tunyamaze halafu tunamkuta akipepeta mahindi anaiimba pole pole peke yake.

Ghost naye ni Jacob Mulee, kocha. Ndiye alipeleka Harambee Stars, timu ya taifa, Tunisia 2004. Tukafungwa na Mali, tukafungwa na Senegal, halafu tukapiga Burkina Faso 3-0, na hiyo ndio ilikuwa mara ya kwanza kabisa Kenya kushinda mechi kwa Kombe la Afrika. Baba alikuwa bado hai. Alisikiza hiyo mechi redio ameibana kwa sikio ju betri zilikuwa zimeisha nguvu, na goli ya tatu ikiingia alitoka nje akasimama tu uani, hakupiga kelele, alisimama mikono kiunoni akiangalia barabara kama anangojea mtu apite amwambie. Kwa hivyo nikiskia Ghost akicheka asubuhi, kuna kipande cha baba yangu huwa kinakuja na hiyo sauti. Sijawahi kuambia wateja hiyo kitu.

Nafikiri ndio maana hao wawili huweza kukaa na wageni vile hukaa. Kuna asubuhi wanaleta msanii, ama mchekeshaji, ama mtu wa mpira, na ikikaribia kura wanasiasa pia hawakosi. Stesheni zingine mtangazaji akipata mtu mkubwa anakuwa mdogo, anacheka kila kitu, anauliza gari ni ya aina gani na nyumba iko mtaa gani. Hawa washawahi kuimbwa na nchi na washawahi kulaumiwa na nchi, kocha wa Stars analaumiwa kuliko mtu yeyote Kenya, kwa hivyo mgeni akiingia hawamwogopi. Na wateja wangu wana masikio. Msanii akianza kuhesabu mali yake naona vile watu wanarudi kwa chai zao, mmoja anauliza kama kuna madondo. Lakini akianza kueleza vile alilala njaa, vile mama yake aliuza mboga ndio yeye aende studio kurekodi, hapo mikono inasimama. Kuna kijana wa mjengo huwa hasemi kitu, yeye ni ndazi mbili na chai bila sukari kila siku, siku moja mgeni alikuwa anaongea juu ya kulala kwa stoo ya mjomba wake miaka miwili na huyo kijana akasema tu, "mimi mitatu." Akalipa akaenda. Tangu siku hiyo namwekea ndazi ya tatu.

Lakini moyo wa kipindi ni Patanisho, hapo hakuna mtu atanibishia.

Kwa wale hawajawahi kuskia, iko hivi. Mtu amekosana na mtu wake, bwana, bibi, mzazi, dada, rafiki, anatuma meseji stesheni anaomba wampatanishe. Wanampigia, anaeleza laivu kosa lilikuwa nini, mara nyingi anaeleza nusu. Halafu wanampigia yule mwingine, na yeye anashika simu akiwa kwa shamba ama kwa kazi ama ndani ya gari, anaambiwa hii ni Radio Jambo na fulani yuko kwa laini anataka kuongea na wewe. Na hapo ndio ile nusu ingine hutoka. Yule wa kwanza alisema ni kosa ndogo tu la simu, kumbe aliuza ng'ombe. Alisema bibi alienda tu bila sababu, kumbe bibi ana sababu saba na anazitaja moja moja kwa mpango.

Watu wengi hucheka na mimi sikatai kuna siku hata mi hucheka. Lakini mtu akisema Patanisho ni ya kuchekesha tu mi hukataa kabisa. Kwanza mara nyingi hawapatani. Simu inakatwa, ama mtu anasema wazi mwambie aendelee na maisha yake. Kitu huwa kinanishika ni ile sekunde kabla ya hiyo jibu. Mtu ametajiwa jina ambalo amekaa mwaka hajalitaja, na kabla aseme kitu unaskia anavuta pumzi. Kwa kibanda hapo hakuna hata kijiko hugonga. Nimeona makanga anaitwa na dereva wake, gari imejaa, anainua mkono, ngoja, ngoja, na abiria ndani nao wametulia ju redio ya gari iko hapo hapo 97.5, steji nzima inangoja mtu mmoja wa mbali aseme ndio ama hapana. Halafu wanaweka wimbo. Huo wimbo ndio mimi naita tafakuri, hakuna mchungaji, hakuna mtu anakuambia ujifunze nini, ni gitaa tu na kila mtu na wake kichwani.

Kitu kinanisumbua ni sisi wasikilizaji. Sauti ya mtu inajulikana. Mtu ameomba msamaha asubuhi, kufika jioni kipande chake kimesambazwa kwa simu za watu na wanaongeza maneno yao chini, na kule nyumbani ako na watoto wanaenda shule. Kwa kibanda yangu nimeweka sheria, ucheke na Ghost ukitaka lakini mtu akianza kulia hewani hakuna kucheka, na anayecheka namrudishia pesa yake anywe chai kwingine. Wamezoea.

Sasa nirudi kwa mama.

Disemba 2019 nilienda nyumbani na watoto wote wawili na mabegi matatu. Nilikuwa nimetoka kwa ndoa. Sitaandika yote hapa ju watoto wangu watakua na watasoma, lakini haikuwa kitu ya kuvumilia na mimi nilivumilia miaka sita. Nilijua mama ataniona tu mlangoni aelewe. Akanikaribisha vizuri, tukala, watoto wakalala, halafu tukiwa jikoni akaniambia nikipumzika wiki moja nirudi kwangu. Akasema ng'ombe zilishaliwa. Akasema watu wa kanisa watasema nini. Mimi nikamwambia maneno ambayo mtoto hafai kuambia mzazi, nikayasema kwa sauti, kaka yangu akatoka nyumba yake akaja kusimama mlangoni.

Na mama akaniuliza, pole pole kabisa, "Je, huu ni ungwana?"

Wakenya wa rika yangu mnajua hilo swali linatoka wapi. Ni la Mzee Leonard Mambo Mbotela, kipindi chake kilianza 1966 na karibu nchi yote ililelewa nacho, mtu amefanya hivi na hivi, mtu ameingia kwa nyumba ya watu bila kubisha, mtu amekula na mdomo wazi, halafu anakuuliza wewe msikilizaji, je, huu ni ungwana? Kwetu hilo swali lilikuwa mchezo. Ukikosa kuosha sahani mama anakuuliza na sauti ya Mbotela na unakimbia ukicheka. Sijawahi kuliskia bila kicheko mpaka hiyo usiku. Nilibeba watoto na mabegi yangu nikapanda basi ya Nairobi kabla ya Krismasi. (Mzee Mbotela alipoaga Februari 2025 mama alinipigia jioni, tukaongea kidogo tu juu yake, halafu tukanyamaza wote wawili kwa simu na nilijua anawaza jikoni gani.)

Januari hatukuongea. Februari hatukuongea. Mimi niliendelea kumtumia elfu moja kila mwezi kwa M-Pesa bila kupiga, na ile meseji ya kuthibitisha inakuja na jina lake lote kwa herufi kubwa, na mi nakaa nalisoma. Yeye naye upande ule anaona jina langu. Hiyo ndio ilikuwa salamu yetu. Hajawahi kukataa kutoa hiyo pesa, na mi nilikuwa najiambia basi angalau anajua niko hai.

Machi korona ikaingia. Kafyu ikaanza, na Aprili Nairobi ikafungwa, hutoki huingii. Hata kama ningetaka kwenda kupiga magoti Butere singeweza. Mjengo ikasimama, wamama wa kufua wakaambiwa wasiingie kwa nyumba za watu, matatu zikabeba watu nusu. Kuna asubuhi niliuza ndazi sita. Watoto walikuwa nyumbani ju shule zimefungwa, wanakaa nyuma ya kibanda na mimi, na redio ndio ilikuwa inaongea siku nzima ju wateja hakuna. Nilikuwa nawasikiza Gidi na Ghost nikijua kabisa saa hiyo hiyo mama ameinua ile antena ya upande, amewasha moto, anasikiza. Wakicheka najua anatabasamu. Wimbo wa zamani ukiwekwa najua ameongeza sauti. Sijui kama mnaelewa, ni kama kukaa na mtu chumba kimoja giza, hamuonani, lakini unaskia kiti chake kikilia.

Halafu siku moja mwezi wa sita, lokdauni bado, Patanisho ilikuwa ya mwanaume anataka bibi yake arudi. Akaeleza, akaomba msamaha vizuri, analia kabisa. Yule bibi akapigiwa. Akasikiza yote bila kumkatiza. Halafu akasema kwa sauti ya chini sana vile alikuwa anafanyiwa, vitu viwili tu alitaja, na akasema amemsamehe lakini harudi, na simu ikakatika. Hawakucheka studio. Wakaweka wimbo.

Mimi chapati ilikuwa kwa moto na niliiacha tu ikaungua, ju hivyo vitu viwili alitaja navijua.

Wimbo haujaisha simu yangu ikalia. Mama. Miezi sita. Nilishika na mkono umejaa unga.

Hakusema habari yako, hakuuliza watoto. Akasema, "Umeskia huyo wa leo?"

Nikamwambia nimemskia.

Akanyamaza. Redio yake ilikuwa inaskika nyuma yake na yangu iko hapa, huo wimbo ulikuwa unatoka pande zote mbili, yake imechelewa kidogo tu.

Akasema, "Huyo mwanamke asirudi."

Nikamwambia, "Ndio mama."

"Asirudi kabisa. Wamwache." Halafu akasema kredo inaisha, akakata.

Nilikaa chini. Mteja mmoja akaniuliza kama kuna mtu amekufa, nikamwambia hapana, nikampea hiyo chapati bure vile ilikuwa imeungua.

Kesho yake baada ya Patanisho akaniflashi, nikampigia. Kesho kutwa tena. Ikawa ndio mtindo wetu, yeye anaflashi mara moja wimbo ukianza, mi naweka sufuria kando napiga, tunaongea dakika tano, na kitu tunaongea ni watu wa Patanisho peke yao. Hatukugusa ya Disemba. Yeye aliwapa wote majina yake, yule wa mayai, yule wa Kitale, yule wa kulia lia, mama mkwe wa maneno. Anakumbuka kesi ya wiki tatu nyuma anauliza unafikiri yule kijana alirudisha hiyo pikipiki ya ndugu yake? Mi nasema hakurudisha. Yeye anasema alirudisha, sauti yake ilikuwa ya mtu wa kurudisha. Tunabishana mpaka kredo iishe.

Na humo ndani ya kesi za watu ndio nilianza kumjua. Kulikuwa na msichana alitoroka kwa bwana akaenda kwa mama yake, na mama yake akamfukuza. Nilikuwa nimeogopa hiyo simu ya siku hiyo, nilijua tukiongea itagusa. Mama alikaa sana kabla aanze. Halafu akaniambia hata yeye mwaka 1991 aliwahi kufunga nguo kwa leso akaenda kwao, mimi nilikuwa mgongoni. Na kukhu, nyanya yangu, akampikia, akamlaza, asubuhi akamsindikiza yeye mwenyewe mpaka mlango wa baba yangu. Nikamuuliza kukhu alisema nini. Akasema, "Alisema ng'ombe zilishaliwa."

Miaka thelathini karibu, na sijawahi kuskia hiyo stori. Baba yangu yule wa kusimama uani na furaha ya Burkina Faso. Sikuuliza alifanya nini 1991 na hakuniambia, na mpaka leo nampenda baba na hiyo stori pia ni ya kweli, zote mbili nimeziweka.

Halafu Ghost akapotea hewani. Alikuwa amepewa timu ya taifa tena Oktoba 2020, tukafikiri ni mambo ya Stars, lakini siku zikaenda. Kipindi kiliendelea lakini kibanda kilikuwa kama nyumba mzee amesafiri. Mama alikuwa ananiuliza kila siku kama ni mimi niko na habari, Nairobi si mnaonana na hao watu? Na aliporudi ndio tukajua alikuwa India, kubadilishiwa figo, na figo alipewa na dada yake. Alisema mwenyewe wazi. Mimi nafikiri hiyo ni kitu kubwa sana, mwanaume wa umri wake, kocha, mtu wa kicheko, kusema hadharani mwili wangu ulikataa na dada yangu akanipa kipande chake. Masoja wangu wawili, watu wazima, walianza kuongea vipimo siku hiyo, presha, sukari, mmoja akasema huwa anaamka kukojoa mara tano usiku na hajawahi kuambia mtu. Tukamwambia aende hospitali. Alienda.

Mama siku hiyo hakuflashi, alipiga na kredo yake. Akauliza mtu huwa na figo ngapi. Nikamwambia mbili. Akauliza na akitoa moja anaishi? Nikamwambia anaishi. Akasema, "Dada yake." Akarudia tena, "Dada yake." Halafu akaniuliza watoto wamekula. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu turudi kuongea anauliza kitu nje ya redio, na nilimjibu haraka haraka, ndio wamekula, yule mkubwa amepoteza sweta ya shule, mdogo anakohoa lakini si sana, nikaona naongea sana nikanyamaza. Akasema nimpe mdogo tangawizi.

Hiyo ilikuwa katikati ya wiki. Jumamosi mimi hufungua lakini nachelewa, wateja ni wachache, na Jumamosi Gidi na Ghost hawako hewani kwa hivyo redio huwa nimeweka tu muziki chini chini. Mama hajawahi kunipigia Jumamosi. Jumapili pia. Tulikuwa tunangoja Jumatatu kama watu wa ofisi.

Jumamosi hiyo simu ikalia saa tatu, haikukatika, ililia mpaka nikashika.

Nikamwamkia. Akaitikia. Nikaskia kuku nyuma yake, kwa hivyo hakuwa jikoni, alikuwa ametoka nje.

Akasema, "Leo hakuna Patanisho."

Nikamwambia hakuna mama, ni Jumamosi.

"Najua ni Jumamosi." Akanyamaza. Niliskia akivuta pumzi, ile ile ya kwa redio, na mi nikashikilia simu na mikono miwili.

"Sasa nieleze yako," akasema. "Anza mwanzo. Nimenunua kredo ya mia."

Nikatoa sufuria kwa moto, nikageuza ile stuli ya wateja nikakaa, nikamuanzia mwanzo.